Nani Alikopeshwa Kununua Viwanda vya Kampala

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ya Uganda, chini ya Gavana Andrew Cohen, ilipitisha sheria iliyoiruhusu kutwaa viwanda vya kuchambua pamba kwa kuwalipa wenyewe, kisha kuvikabidhi kwa vyama vya ushirika vya wakulima Waafrika kwa mkopo wa muda mrefu. Miaka mitatu nyuma, Aprili 1949, Kampala na vitongoji vyake vilikumbwa na ghasia, nyumba za machifu zikachomwa moto, na chama cha wakulima cha Ignatius Musazi kikapigwa marufuku. Kando ya dai la kuchagua machifu wao, wakulima walidai wachambue pamba yao wenyewe na kuiuza nje bila dalali. Dai hilo huhesabiwa katika siasa za kupinga ukoloni, na ni haki lihesabiwe huko. Lakini ukilitazama kwa jicho la mfanyabiashara, utaona watu waliotaka kununua biashara iliyokwisha kusimama, yenye mashine, mafundi na soko, wakakosa wa kuwakopesha. Fedha zikatoka hazina ya serikali, ilhali benki zilikuwepo nchini kwa zaidi ya miaka 40. Historia ya umiliki wa viwanda vya Kampala husimuliwa kwa majina ya watawala na rangi za watu: Wahindi, Obote, Amin, ubinafsishaji. Naona inaeleweka vizuri zaidi ukiuliza katika kila kipindi ni nani aliyekopesha, na kama mkopeshaji huyo alikuwa karibu vya kutosha kukijua kiwanda na huru vya kutosha kusema hapana.

Kwanza ijulikane kwa nini mtu anunue kiwanda cha mwenzake badala ya kujenga chake. Katika pamba jibu lilikuwa wazi. Tangu Uganda Company ilipoanzishwa mwaka 1903 na mbegu kugawiwa Buganda, viwanda vya kuchambua viliongezeka kwa kasi hata kufikia katikati ya miaka ya 1920 vilizidi 100, vingi vikiwa vya Wahindi. Serikali ikaona vimezidi pamba yenyewe, ikabana leseni, na katika miaka ya 1930 ikaigawa nchi katika kanda ili pamba ya eneo moja isihamishiwe jingine. Leseni ndiyo iliyokuwa mali. Mashine zilikuwa chuma tu. Asiyekuwa na kiwanda hakuwa na njia ya kuingia ila kwa kumnunua aliyekwisha ingia. Ndivyo ilivyo hata leo kwa viwanda vingi: anayenunua ng'ombe anayekamuliwa hulipa zaidi ya anayenunua ndama, kwa sababu maziwa yapo asubuhi ya kesho. Mnunuzi hulipia wateja waliozoea jina, fundi anayeijua mashine kwa mlio wake, na hesabu za miaka iliyopita zinazoonyesha faida. Kwa benki, hesabu hizo ni neema, kwa maana inakopesha juu ya jambo lililokwisha kutokea.

Ingelitarajiwa basi kwamba benki za Kampala zingeipenda biashara hiyo. National Bank of India ilifungua tawi Entebbe mwaka 1906, Standard Bank of South Africa ikafuata 1912, na Barclays ikaingia katika miaka ya 1920. Hizi zilikopesha, tena sana, lakini zilikopesha msimu: fedha za kununulia pamba shambani, zikirudi pale marobota yalipopakiwa Mombasa kwenda Bombay au Liverpool. Mkopo wa miezi michache, dhamana yake ikiwa bidhaa yenyewe. Mkopo wa miaka kumi wa kununulia kiwanda haukuwa desturi yao. Halafu kulikuwa na jambo la ardhi, ambalo naona halipewi uzito wake. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliwapa machifu na watu wakubwa wa Buganda ardhi ya mailo yenye hati, kitu ambacho Waafrika wengi wa sehemu nyingine za Afrika Mashariki hawakuwa nacho. Kwa maneno mengine, Kampala ilikuwa na tabaka zima la Waafrika wenye dhamana mkononi. Lakini sheria ilizuia mailo isiende kwa asiye Mwafrika bila idhini ya serikali. Kizuizi hicho kiliwakinga Baganda dhidi ya kupoteza ardhi kama walivyopoteza wengine Kenya, na sitakilaumu. Hata hivyo benki ya kigeni isiyoweza kuinadi ardhi iliyowekwa rehani haikuwa na sababu ya kuipokea. Ulinzi wa mali na ukosefu wa mkopo vilikuja pamoja katika sheria ileile.

Hapa msomaji atauliza: Wahindi nao je, walikopeshwa na benki? Allidina Visram alianza na msururu wa maduka kutoka pwani hadi bara kabla ya kuingia katika uchambuaji wa pamba. Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi, kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, mwaka 1924. Muljibhai Madhvani alijenga himaya ya Kakira baada ya miaka mingi ya biashara ya familia. Hakuna kati yao aliyeanza kwa kupiga foleni mbele ya dirisha la benki. Pingamizi hili lina nguvu, ila linathibitisha kile linachotaka kukipinga. Mkopeshaji wao alikuwepo: tajiri wa Mombasa au Bombay aliyetoa bidhaa kwa mali kauli, mjomba aliyeongeza mtaji, jamaa wa jumuiya aliyeweka neno. Mkopeshaji wa namna hiyo alimjua mkopaji tangu utoto, alijua duka lake linauza nini, na aliweza kumnyima asijali kuitwa mkatili. Jina likichafuka, mlango ulifungwa kote, kuanzia Kisumu hadi Kampala. Benki ilikuja baadaye, kumkopesha mtu aliyekwisha kuchujwa na wenzake. Mkulima wa Bulemezi hakuwa na chujio hilo, wala hakuwa na mjomba Bombay.

Serikali ilijaribu kuziba pengo hilo kwa vyombo vyake. Uganda Credit and Savings Bank ilianzishwa mwaka 1950 kwa ajili ya Waafrika hasa. Uganda Development Corporation ikaundwa 1952, ikawekeza katika saruji ya Tororo na nguo za Nyanza Textile pale Jinja. Mwaka 1964 ikaja Development Finance Company of Uganda, tunayoijua leo kwa jina la dfcu, ikiwa na mtaji wa serikali na wa shirika la maendeleo la Uingereza. Mwaka 1965 ile benki ya 1950 ikageuzwa kuwa Uganda Commercial Bank, na mwaka 1967 Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ikawekwa makao yake Kampala. Orodha inaonekana nono, lakini nyingi ya fedha hizo zilikwenda kujenga vipya. Ununuzi wa vilivyokuwepo ulikuja kwa njia nyingine: tarehe 1 Mei 1970, katika uwanja wa Nakivubo, Rais Milton Obote alitangaza kwamba serikali inachukua asilimia 60 ya hisa za kampuni kubwa, benki zikiwemo, na malipo yalitarajiwa kutoka katika faida ya kampuni zenyewe. Ukiliondoa vazi la siasa, huo ulikuwa ununuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya nchi, uliofanywa bila akiba na bila mkopeshaji. Hakukuwa na mtu wa kukaa na mizania ya kampuni moja moja na kusema hii inunuliwe, ile iachwe. Amin alipotwaa madaraka Januari mwaka uliofuata alifupisha orodha na kushusha sehemu ya serikali katika nyingi hadi asilimia 49, kisha baada ya muda mfupi akafanya kubwa kuliko hilo.

Tangazo la Agosti 1972 la kuwafukuza Waasia, na siku 90 walizopewa, halihitaji kusimuliwa tena. Kwa hoja hii linalohusu ni namna mali zilivyogawiwa. Maelfu ya biashara ziliandikishwa, kamati zilizojaa wanajeshi zikapita mitaani, na maduka na karakana za Kampala zikapata wenyewe wapya ambao watu waliwabatiza mafuta mingi. Viwanda vikubwa vilikwenda kwa mashirika ya umma. Mwaka huohuo, kwa kejeli ya historia, ilianzishwa Uganda Development Bank, chombo ambacho kingeweza kupima wanunuzi na kuwakopesha. Hakuna aliyekihitaji, maana kiwanda kilikuwa cha bure. Aliyepewa hakulazimika kueleza atanunua wapi malighafi, wala kuonyesha anazo fedha za kuendeshea miezi sita ya kwanza, wala kuweka chake chochote ambacho angekipoteza. Matokeo yake yanajulikana katika sukari, ambayo Uganda ilizalisha zaidi ya tani 140,000 mwaka 1970, na ambayo katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji wake ulikuwa karibu umekoma.

Wapo watakaosema kwamba kosa halikuwa la ugawaji. Vipuri havikupatikana kwa kuwa fedha za kigeni zilikauka, mafundi waliondoka na matajiri wao, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na soko likaenda nayo, kisha vita vya 1979 na uporaji uliofuata. Yote ni kweli, na benki bora kuliko zote duniani isingeliokoa kiwanda cha sukari katika hali ile. Lakini ukame huohuo wa fedha za kigeni ulimkuta James Mulwana papo hapo Kampala. Mulwana alikuwa ameingia katika utengenezaji wa betri za magari katika miaka ya 1960 kwa ubia na Chloride ya Uingereza, akaongeza plastiki za Nice, miswaki na kalamu, na viwanda vyake vikavuka miaka ya Amin na iliyofuata. Mfano wa mtu mmoja haujengi kanuni, tena mtu mwenye kipaji. Ninachosema ni kwamba mtu yule alikuwa amejifunga kwa mbia aliyemdai hesabu, na biashara yake alikuwa ameiingia kwa fedha na jasho. Ndiye aliyekuja kuongoza Chama cha Wenye Viwanda cha Uganda kilipofufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Baada ya Amin, sheria ya mali zilizotwaliwa ikapitishwa 1982, na baadhi ya viwanda vikaanza kurudi kwa wenyewe; Kakira ilirejea mikononi mwa familia ya Madhvani kwa ubia na serikali mwaka 1985. Kipindi hiki kinaonyesha ubaya wa mkopeshaji wa aina nyingine kabisa. Uganda Commercial Bank ilikuwa karibu na kila mtu, ina matawi nchi nzima, inamjua mkopaji na baba yake. Ilikosa uhuru. Ilikuwa ya serikali, na ombi lililokuja na salamu za mkubwa lilikuwa nusu ya amri. Mfumuko wa bei nao uliwafundisha wakopaji tabia mbaya, kwa sababu aliyekopa shilingi nyingi leo alilipa karatasi kesho. Mei 1987 serikali ilibadilisha sarafu, ikafuta sufuri mbili na kukata asilimia 30 katika ubadilishaji, na mwaka ule mfumuko ulikuwa umepita asilimia 200. Kufikia 1994 ililazimu itungwe sheria ya kuunda mfuko maalumu wa kukusanya madeni mabaya ya benki hiyo, wenye mahakama yake. Majengo, magari na mashine zilizonunuliwa kwa mikopo ile zikaanza kutangazwa mnadani. Kampala ilikuwa imepata hatimaye benki ya wenyeji inayokopesha, na benki hiyo iliwaharibu wakopaji wake wengi kwa kuwapa walichoomba.

Ni katika hali hiyo, yaani benki kubwa ya wenyeji ikiwa mgonjwa, ndipo ulipokuja mnada mkubwa wa viwanda. Sheria ya marekebisho ya mashirika ya umma ya 1993 ilifungua mlango. Kampuni ya soda ya Lake Victoria Bottling, Nakawa, ilinunuliwa na wafanyabiashara wa Uganda chini ya jina la Crown. Nyanza Textile ilikwenda kwa Picfare. Saruji ya Hima ilikwenda kwa Rawals mwaka 1994, na miaka mitano baadaye Bamburi ya Mombasa ikainunua. Wanunuzi kadhaa waliruhusiwa kulipa kwa awamu, maana yake serikali yenyewe iligeuka mkopeshaji wa kununulia mali zake, na baadhi ya malipo hayo yalisuasua. Kisa kinachostahili kutazamwa zaidi ni cha kiwanda cha nguo cha UGIL, Kampala. Kilianza katika miaka ya 1960 kwa ubia wa serikali na Wajapani, na shati lake la Yamato lilivaliwa na makarani na wanafunzi wa kizazi kizima. Yuichi Kashiwada, Mjapani aliyekiendesha siku zile, alirudi karibu mwaka 2000 kukinunua katika ubinafsishaji, akakiita Phenix Logistics na kuingia katika nguo za pamba hai. Mnunuzi gani angekijua kiwanda kuliko yeye? Na bado mwendo ulikuwa mgumu, hata katikati ya miaka ya 2010 kiwanda kikaingia mikononi mwa Fine Spinners. Kiwanda cha nyuzi hakiishi kwa bei ya ununuzi peke yake. Pamba huvunwa kwa miezi michache, na mwenye kusokota mwaka mzima lazima awe na fedha za kuinunua msimu ule, akishindana na wasafirishaji wanaolipwa dola. Anayekopa bei ya kiwanda akasahau bei ya kukiendesha amenunua jengo.

Wakati huohuo benki zenyewe ziliuzwa. Asilimia 49 ya Uganda Commercial Bank iliuzwa kwa kampuni ya Malaysia, Westmont, kisha ikabainika kwamba nyuma yake walikuwepo Greenland, kundi lenye benki yake hapahapa Kampala. Biashara ile ilivunjwa, Greenland Bank ikafungwa mwaka 1999, na Mei mwaka huohuo Benki Kuu ikaifunga Benki ya Ushirika pia. Tukio hilo la pili liligonga vyama vilevile ambavyo sheria ya 1952 iliviwezesha, ambavyo baada ya soko la pamba kufunguliwa mwaka 1994 vilizama katika madeni na vingi vikapoteza viwanda vyao. Mwaka 2002 Stanbic ya Afrika Kusini ikachukua asilimia 80 ya Uganda Commercial Bank. Wapo wanaolia mpaka leo kwamba nchi iliuza benki ya watu wake, na kilio chao hakikosi msingi: benki ya wenyeji inayojua mitaa ya viwanda, kutoka Nakawa hadi Ntinda, haijengwi kwa miaka mitano. Ila wanaolia husahau kusema benki waliyoililia ilikuwa imekwisha kushindwa kazi ya benki muda mrefu kabla ya kuuzwa.

Funzo lililochukuliwa liliandikwa katika Sheria ya Taasisi za Fedha ya 2004, na sheria hiyo ni kali kuhusu kukataa. Benki haiwezi kumkopesha mtu mmoja au kundi moja zaidi ya asilimia 25 ya mtaji wake wa msingi. Tukichukua benki yenye mtaji wa shilingi bilioni 150, kiwango cha chini cha mtaji kilichowekwa kwa benki za biashara kuanzia 2024, basi mkopo wake mkubwa kabisa ni bilioni 37.5, yaani takriban dola milioni 10. Linganisha na Hima. Holcim na Bamburi walipokubali kuiuza kwa Sarrai Group na Rwimi, wawekezaji wenye mizizi Uganda, bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 120. Biashara ikakamilika 2024. Kwa bei hiyo benki ya kiwango cha chini isingefika hata sehemu ya kumi. Hapo ndipo mtu anayetetea benki za leo atakaponipinga: benki huungana, kila moja ikibeba kipande, na Uganda Development Bank, baada ya miaka mingi ya kudhoofika, imeongezewa mtaji. Nakubali. Kuungana kwa benki kunarudisha hata ile faida ya zamani, kwamba macho mengi yanapitia hesabu za mnunuzi. Lakini riba haijawa rafiki. Mwishoni mwa 2011 riba ya Benki Kuu ilifika asilimia 23, na hata miaka iliyotulia, mkopo wa shilingi umekuwa ukizunguka asilimia 20. Hakuna kiwanda cha kawaida kinachojilipa kwa riba hiyo, na benki inayoweza kununua dhamana za serikali bila kutoka ofisini haina njaa ya kumfuata mwenye viwanda.

Tena dhamana inayoulizwa ni ileile, hati ya kiwanja. Mwenye nyumba Kololo asiyewahi kuajiri mtu hupokewa haraka kuliko msimamizi aliyeendesha kiwanda miaka 20 na anataka kukinunua tajiri wake anapostaafu. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha sheria ya dhamana za mali zinazohamishika, na daftari lake la kielektroniki likawekwa kwa msajili wa kampuni, ili mashine, bidhaa ghalani na fedha ambazo kiwanda kinadai wateja wake ziweze kuwekwa rehani bila usumbufu wa zamani. Naiona kuwa hatua kubwa kuliko kelele iliyopigwa juu yake. Utekelezaji wake utategemea watu ambao benki za Kampala hazijawaajiri kwa wingi. Wakadiriaji wa viwanja wamejaa mjini. Wa kuingia kiwandani, kusikiliza mtambo wa kusokota ukizunguka na kuiandikia kamati ya mikopo kama una miaka kumi mbele yake au miwili, ni wachache.